Wakili na Pete za Mbao: Kuisoma Nathari ya C. C. Massey

Ukurasa wa jina la kitabu wasomaji wengi huupita mbio. Katika Transcendental Physics, kitabu kilichotoka London mwaka 1880, kuupita ni hasara, kwa sababu hoja ya kitabu inaanzia hapo. Mtunzi ni Johann Karl Friedrich Zöllner, profesa wa fizikia ya nyota katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Mfasiri ni Charles Carleton Massey, naye amejitambulisha kwa kazi yake: ni wakili wa Lincoln's Inn, mojawapo ya vyama vinne vya kale vinavyowapa mawakili wa Uingereza idhini ya kusimama mbele ya majaji. Kitabu chenyewe kinahusu mafundo yaliyojifunga katika kamba iliyopigwa lakiri, sarafu zilizotoka ndani ya visanduku vilivyofungwa, na viumbe wanaodaiwa kuishi katika kipimo cha nne cha anga. Ungetarajia mfasiri wa mambo kama hayo ajiite mwanafizikia au mwanafalsafa, au angalau mtu aliyewahi kuona mzimu. Massey anaingia na joho lake la mahakamani.

Joho hilo hakulivua kwa miaka mingi, na ndilo linaloipa nathari yake umbo. Wanaomtaja Massey leo humtaja kwa maudhui: alikuwa na Theosofia, akaiacha, akaishia katika tasawufi ya Kikristo. Maudhui hayo si yake peke yake. London ya Malkia Victoria ilijaa watu waliopita njia hiyo hiyo. Fani ndiyo yake. Na ukiisoma fani hiyo kwa makini utaona jinsi ilivyomfanya awe mkweli kuliko wenzake wengi, na jinsi ilivyomfumba macho mahali pamoja tu, mahali pabaya kuliko pote.

Maisha yake niyapitie haraka. Alizaliwa mwaka 1838 katika jumba la Hackwood Park, karibu na Basingstoke. Baba yake, William Nathaniel Massey, alikuwa mbunge na mwanahistoria, na katika miaka ya 1860 alikwenda Calcutta kusimamia fedha za serikali ya India. Mwana alisoma Westminster, kisha sheria. Mwaka 1875 alivuka Atlantiki kwenda kupima mwenyewe taarifa za Kanali Henry Steel Olcott, naye mwanasheria, kuhusu nyumba moja ya wakulima huko Chittenden, jimbo la Vermont, ambako ilisemekana wafu walikuwa wakijitokeza mbele ya wageni. Huko Marekani alikutana na Olcott na Helena Blavatsky, mwaka ule ule walipoanzisha Chama cha Theosofia mjini New York. Tawi la Uingereza lilipoundwa London tarehe 27 Juni 1878, Massey ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Mwaka 1882 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Utafiti wa Mambo ya Nafsi, kilichoongozwa na Henry Sidgwick wa Cambridge. Alifariki mwaka 1905. Sehemu kubwa ya alichoandika ni kuwasemea wengine: tafsiri, dibaji, viambatisho, barua kwa wahariri. Hata alipokuwa na kalamu mkononi alikuwa na mteja.

Mteja mkubwa kuliko wote ni Zöllner. Huyu alikuwa mwanasayansi wa kweli, aliyejijengea jina kwa vipimo vya mwanga wa nyota, lakini alikuwa pia mtu wa hasira. Juzuu zake za Kijerumani zinatangatanga kutoka jaribio hadi tusi. Ile ya tatu, yenye majaribio mengi, aliiandika kama jibu kwa Wilhelm Wundt, mwanasaikolojia aliyekuwa mwalimu mwenzake wa Leipzig na aliyekuwa ameukejeli hadharani utafiti wa mambo ya roho. Katika Kijerumani majaribio na ugomvi vimesukwa pamoja, na msomaji hajui kama anaonyeshwa ushahidi au anashuhudia mtu akimwandama jirani yake. Massey aliufumua msuko huo. Alichagua majaribio kutoka juzuu mbalimbali, akaupunguza ugomvi, akayakusanya masimulizi ya vikao, akaweka dibaji mbele na viambatisho nyuma. Kilichokuwa kelele kikawa jalada la kesi: hoja ya ufunguzi ya wakili, kauli ya shahidi mkuu, kisha vielelezo. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake, na mfasiri huyu alijua kuvuta.

Ili tuone alikuwa akiijibu kesi gani, turudi nyuma hadi mahakama ya Bow Street mwaka 1876. Henry Slade, Mmarekani aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuita roho, alifika London mwaka huo. Kazi yake ilikuwa vibao vya sleti kama vile vya watoto wa shule: kibao kilishikwa chini ya meza, kukasikika mkwaruzo wa kalamu, na kilipotolewa kilikuwa na ujumbe wa marehemu. Ray Lankester, mwanabaiolojia kijana, alikipokonya kibao kabla roho haijaitwa, akadai kuyakuta maandishi yako tayari. Slade akashtakiwa. Charles Darwin alichangia pauni 10 kusaidia mashtaka. Alfred Russel Wallace, aliyegundua pamoja na Darwin nadharia ya uteuzi wa asili, akasimama kumtetea mshtakiwa. Hakimu alimpa Slade kifungo cha miezi mitatu na kazi ngumu kwa sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, sheria iliyotungwa kwa ajili ya wapiga ramli wa barabarani. (Msomaji anayezijua sheria za uchawi zilizotungwa na Waingereza kwetu, ile ya Kenya ya mwaka 1925 na ile ya Tanganyika ya mwaka 1928, ataona undugu: mahakama haiulizi sana kama nguvu hizo zipo, inauliza kama mtu amejifanya anazo.) Januari 1877 rufaa ilikubaliwa na hukumu ikafutwa, kwa sababu maneno machache yaliyomo katika sheria yaliachwa katika hati ya hukumu. Slade hakusafishwa wala hakutiwa hatiani upya. Aliondoka Uingereza kabla Lankester hajamfungulia mashtaka mapya, na kabla mwaka haujaisha akawa Leipzig, mezani kwa Zöllner.

Yote haya yamo ndani ya kitabu cha 1880 hata pale ambapo hayatajwi. Dibaji na viambatisho vya Massey vinasomeka kama rufaa ya pili, ile ambayo Slade hakuipata: rufaa ya kuamua ukweli wa jambo lenyewe, na sio makosa ya karani.

Sasa tulitazame simulizi moja kwa karibu. Zöllner alikuwa na nadharia: ikiwa kuna kipimo cha nne cha anga, basi kiumbe anayekitumia anaweza kufunga fundo katika kamba ambayo ncha zake zote mbili zimeunganishwa. Tarehe 17 Desemba 1877 alidai jambo hilo limetokea, mafundo manne, huku ncha zikiwa chini ya lakiri yake mwenyewe. Akabuni jaribio kali zaidi. Alichongesha pete mbili za mbao, kila moja kipande kizima kisicho na kiungo, aina mbili tofauti za mti. Zikiingiliana kama viungo vya mnyororo, jambo litakuwa limejithibitisha lenyewe milele: kitu chenyewe kitawekwa mezani, kila mpinzani akishike, na haitahitajika tena kauli ya shahidi yeyote.

Mei 1878 wakaketi. Katika ukurasa ule msimulizi ni mwangalifu mno. Anatupa saa. Anatupa vipimo. Anatuambia pete zilipitishwa kwenye uzi wa utumbo uliopigwa lakiri, na mikono ya nani ilikuwa wapi. Nafsi ya kwanza iko kila mahali: nilipima, niliweka, niliona. Kisha tunafika kwenye tendo lenyewe, na ghafla macho yanaondoka. Kunasikika mgongano wa mbao upande wa pili wa chumba. Watu wanainuka kuangalia. Pete zinakutwa zimeuzunguka mguu wa meza ndogo ya duara, mguu ambao, kwa umbo la meza hiyo, haungeweza kuvishwa pete bila meza kubomolewa.

Hakuna aliyeona pete ikipita. Tendo kuu lote limo katika nafasi tupu kati ya sentensi ya kusikia na sentensi ya kukuta. Simulizi iliyojaa mikono na macho inakosa mkono na jicho palepale panapohitajika, na msimulizi hashtuki, kwa sababu wingi wa vipimo vilivyotangulia umempa imani kwamba bado anatazama. Hii ni mbinu ya kale ya usimulizi, na sidhani Zöllner aliitumia kwa makusudi. Ukweli wa mambo madogo humlipia deni jambo kubwa. Mwandishi wa hadithi za kubuni huijua vizuri.

Lipo jambo la pili, nalo lingepaswa kumwamsha wakili. Jaribio liliahidi pete mbili zilizoingiliana. Pete hazikuingiliana. Zilikwenda kukaa mahali pengine, na Zöllner akalipokea tokeo hilo kama zawadi kubwa kuliko aliyoiomba. Katika mahakama yoyote tofauti kati ya kilichodaiwa na kilichothibitishwa ni jambo zito. Slade mwenyewe aliachiwa huru kwa sababu ya maneno machache tu yaliyokosekana. Massey alizijua sheria hizo kama alivyoijua njia ya kwenda chumbani kwake. Lakini hapa tofauti kubwa kuliko ile iliyomwokoa Slade inapita bila kufanywa suala. Akili kali kama ile ingekuwa upande wa pili wa shauri, ukurasa huo ndio ingeanza nao.

Kwa nini hakuanza nao? Nadhani jibu limo katika viambatisho, na hapo ndipo Massey mwenyewe anapoonekana wazi. Kiambatisho cha kwanza kinahusu thamani ya ushahidi katika mambo ya ajabu, swali ambalo tangu David Hume limekaa mlangoni mwa kila mjadala wa miujiza: je, tukio lisilo la kawaida linadai shahidi asiye wa kawaida? Cha pili ni kauli ya Samuel Bellachini, mfanya mazingaombwe wa ikulu ya Berlin, aliyoitoa mbele ya mthibitishaji wa hati Desemba 1877, kwamba aliyoyaona kwa Slade hayawezi kuelezwa kwa ufundi wa kazi yake. Cha tatu kinakusanya mambo yaliyokubaliwa na John Nevil Maskelyne na wafanya mazingaombwe wengine.

Mpangilio huu ni wa wakili mzuri. Kwanza kanuni ya sheria. Kisha shahidi mtaalamu, mwenye kauli rasmi. Mwisho kukiri kwa upande wa pili, kitu ambacho mahakama hukipenda kuliko vyote, maana Maskelyne ndiye aliyekwenda Bow Street kuonyesha jinsi vibao vinavyoweza kuchezewa. Kumtoa adui kizimbani kwake na kumfanya shahidi wako ni ustadi. Nimekisoma kiambatisho hicho nikajikuta natabasamu, kama mtu anayemtazama mpinzani wake akicheza bao vizuri.

Lakini tazama kile ambacho vyote vitatu vinakichukulia kuwa ni kweli. Vinauliza: shahidi ni mwaminifu? Ana elimu? Ni wa upande gani? Kauli yake ilichukuliwa kwa utaratibu? Hayo ndiyo maswali ya mahakama, na mahakama imeyaboresha kwa karne nyingi kwa sababu adui yake ni mwongo. Mtu anayesema uongo huchunguzwa kwa maslahi yake, kwa tabia yake, kwa kupingana kwa maneno yake. Zöllner hakuwa mwongo. Wala Wilhelm Weber na Gustav Fechner, wazee wawili mashuhuri wa sayansi waliohudhuria baadhi ya vikao. Ukishaondoa uongo, mashine yote ya Massey inatoa jibu moja: basi ni kweli. Haina mlango wa mtu mkweli aliyeona kisichokuwapo.

Mashine hiyo hiyo ilimtumikia vizuri alipokutana na mwongo. Mwaka 1879 barua kutoka kwa mmoja wa Mabwana, wale wenye hekima wa Asia ambao Blavatsky alisema ndio walimu wake, ilikutwa kimuujiza ndani ya kitabu cha kumbukumbu za mikutano ya tawi la London. Ilikuwa imeandikiwa Massey. Miaka michache baadaye akaonyeshwa sehemu ya barua ya Blavatsky kwa mwita roho mmoja wa London, yenye maelekezo ya jinsi ya kumfikishia Massey barua kwa njia ya kustaajabisha. Muujiza uligeuka kuwa suala la nyaraka: nani aliandika, lini, kwa nani. Hilo aliliweza. Maelezo yake yaliingizwa katika ripoti kubwa ya Richard Hodgson ya mwaka 1885 dhidi ya Blavatsky, nayo yana ukavu wa hati ya kiapo: tarehe, mahali, kilichosemwa, basi. Hakuna machozi ya mfuasi aliyesalitiwa. Mtu aliyekuwa rais wa tawi anatoa ushahidi juu ya udanganyifu uliofanywa kwa jina lake, na hajihurumii hata kidogo.

Kisha ikaja habari ya Henry Kiddle, Mmarekani aliyegundua kwamba maneno ya hotuba yake ya Agosti 1880 yametokea, bila jina lake, katika barua ya Bwana mmoja iliyochapishwa na A. P. Sinnett. Kiddle alilalamika katika jarida la Light mwaka 1883. Maelezo yalitolewa kwamba mwanafunzi aliyepokea ujumbe kwa mawazo aliunakili vibaya. Wengi waliyameza. Massey alisoma maandiko mawili sambamba, kama mhakiki anavyosoma nuskha mbili za utenzi mmoja, akaona kwamba maneno yaliyodaiwa kuangushwa na maneno yaliyobadilishwa yamefuata makusudi, kwani mtu anayesikia vibaya hakosei kwa mpangilio ule. Mwaka 1884 akajiuzulu, na sababu zake akazichapisha. Kwangu haya ndiyo maandishi yake bora. Ni mafupi, ni baridi, na kila sentensi inabeba mzigo. Hapa fani na jambo vimelingana: kuna maandishi mawili mezani, yanaweza kushikwa, na hakuna nafasi tupu kati ya kusikia na kukuta.

Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo sijaona mfuasi wa imani nyingine yoyote ya zama hizo akilifanya kwa utulivu kama huo. Alimfasiri Eduard von Hartmann, mwanafalsafa wa Berlin ambaye kitabu chake kuhusu vikao vya roho kinawakataa roho wenyewe, kikieleza kila kitu kwa nguvu za neva za mwita roho na njozi za wanaomzunguka. Hartmann, zaidi ya hayo, alikubali kwamba hakuwahi kuketi katika kikao hata kimoja. Massey angeweza kumpuuza kwa hilo tu. Badala yake alimpa Kiingereza safi ili wenzake wasome hoja nzito kuliko zote zilizowahi kuandikwa dhidi yao. Upande wa pili lazima usikilizwe. Kanuni hiyo ya mahakama aliibeba hadi ndani ya imani yake, na inafaa ikumbukwe kabla ya yale yanayofuata.

Mwaka 1886 mjadala ulikuwa juu ya William Eglinton, mwandika vibao mwingine. Eleanor Sidgwick alisema wazi kwamba anachokifanya Eglinton ni mazingaombwe ya ustadi. Massey alijibu kwa mhadhara mrefu mbele ya Chama cha Utafiti kuhusu uwezekano wa shahidi kuona vibaya. Swali hatimaye limeulizwa, na yeye ndiye aliyeliuliza! Hata hivyo aliliuliza kama wakili: akatafuta mpaka. Shahidi aliyejiandaa, anayejua hasa aangalie nini, ambaye anasimulia tendo moja baada ya jingine bila kuchanganya na tafsiri zake, huyo hawezi kuwekwa fungu moja na mtazamaji wa kawaida ukumbini. Kosa la macho linawezekana, ndiyo, lakini lina kiwango, na hakimu mwenye akili anaweza kukipima. Ni mhadhara wenye mantiki nzuri. Sentensi zake ni ndefu, kila moja ikifunga mlango wa kutokea kabla ya kufungua mwingine. Msomaji akifika mwisho anahisi amezungukwa.

Jibu lilikuja mwaka 1887, na halikuwa katika umbo la hoja. S. J. Davey, kijana aliyewahi kumwamini Eglinton, alikuwa amejifunza michezo ya vibao mpaka akaimudu. Pamoja na Hodgson, ambaye naye alisomea sheria huko Melbourne, aliandaa vikao. Watu wenye elimu waliketi, wakatazama, wakaenda nyumbani kuandika walichokiona. Kisha ripoti zao zikachapishwa pamoja na uchambuzi wa Hodgson wa makosa yaliyomo. Mashahidi hao walikuwa waaminifu na makini kabisa, na waliapa kwa nafsi zao kwamba kibao hakikuondoka mbele ya macho yao ilhali kiliondoka.

Hodgson aliyapanga makosa yao katika aina nne: kupachika jambo ambalo halikutokea, kuweka jambo moja mahali pa jingine, kuhamisha mfuatano wa matukio, na kuacha. Ukiwa umesoma nadharia ya usimulizi orodha hii inakusimamisha, kwa sababu ni orodha ya kazi za kila msimulizi. Shahidi hakusema uongo, alitunga. Alichukua kikao chenye kuvuta muda, mazungumzo ya pembeni, kikohozi, kibao kilichowekwa chini kidogo ili mtu achukue kiti, akakifanya hadithi yenye mwanzo na mwisho, na katika kukifanya hadithi aliondoa dakika ile ile ambayo mchezo ulifanyika, maana dakika hiyo haikuonekana kuwa sehemu ya hadithi. Rudi sasa kwenye pete za Leipzig uone kama unaweza kuusoma ukurasa ule kama mwanzo.

Na Massey mfasiri? Alichagua, akaacha ugomvi, akakusanya yaliyotawanyika. Alichokiacha kama uchafu wa mabishano ndicho kilichomwonyesha msomaji wa Kijerumani Zöllner alivyokuwa siku zile: mtu aliyejeruhiwa, anayehitaji kushinda. Jalada la kesi lilitoka safi, na usafi huo ulikuwa sehemu ya tatizo.

Wapo walioukataa ushahidi wa Davey kabisa. Wallace, yule yule wa Bow Street, alidai kwamba mpaka mbinu zote za Davey zielezwe, Davey mwenyewe anastahili kuhesabiwa kuwa mwita roho asiyekiri. Massey hakuwa wa namna hiyo. Lakini ukimtazama mwaka huo wa 1887 unaona kalamu yake iliinukia wapi. Tume ya Seybert ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilikuwa imemtuma Profesa George Fullerton kwenda Ujerumani kuwahoji waliobaki wa vikao vya Zöllner, maana Zöllner mwenyewe alifariki mwaka 1882. Fullerton akaripoti kwamba Zöllner hakuwa na akili timamu, Fechner alikuwa karibu kipofu, Scheibner, shahidi mwingine wa vikao hivyo, haoni vizuri, Weber mzee. Massey akamjibu kwa barua ya wazi.

Hapo alikuwa nyumbani. Shahidi wako ameshambuliwa mwili na akili yake. Unauliza nani kasema, lini, kwa maneno gani, na je, aliyehojiwa aliyathibitisha maneno aliyowekewa mdomoni? Barua inamhoji Fullerton kama wakili anavyomhoji shahidi wa upande wa pili. Kama uhakiki wa ripoti ya Fullerton, inaweza kutetewa. Lakini Fullerton alikuwa adui mwepesi. Alisema mashahidi walikuwa wabovu, yaani naye aliamini, kama Massey, kwamba shahidi mzima angetosha. Davey alikuwa ameonyesha kwamba shahidi mzima hatoshi, na dhidi ya hilo taaluma ya Massey haikuwa imemfundisha swali la kuuliza.

Tafsiri yake ya Carl du Prel, mwanafalsafa wa Kijerumani, juzuu mbili za mwaka 1889, naiacha. Ni kazi kubwa ya subira, lakini humo Massey ni mkalimani tu. Zilizobaki ni karatasi za uzeeni, ambazo rafiki yake William Barrett, mwanafizikia wa Dublin, alizichagua na kuzichapisha mwaka 1909 kwa jina Thoughts of a Modern Mystic. Joho limevuliwa sasa. Hakuna vibao, hakuna pete, hakuna Bellachini na mthibitishaji wake. Kuna Mungu, nafsi, uovu, na kuzaliwa upya kwa mtu wa ndani, mambo ambayo hayahitaji shahidi kwa sababu hakuna anayedai yametokea mezani saa fulani. Wapo watakaosema hapa ndipo alipofika kwake. Mimi naona nathari imelegea. Ile sentensi ndefu iliyokuwa ikifunga milango bado ipo, ila hakuna mtu wa kuzungukwa ndani yake. Inajizungusha yenyewe, na baada ya kurasa kumi nilikuwa namtamani mpinzani yeyote, hata Fullerton.

Isitoshe, Massey huyu wa mwisho hatumpati moja kwa moja. Barrett alichagua, akapanga, akaweka maelezo yake mbele, kama vile Massey alivyomfanyia Zöllner. Ni barua zipi zilibaki kabatini, na sentensi zipi zilionekana si sehemu ya hadithi, kitabu chenyewe hakisemi.